Core i7 ya Mwaka Gani? Kununua Laptopu Kisumu Bila Kuwa Fundi

Ingia duka la laptopu kando ya Barabara ya Oginga Odinga, Kisumu, na kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni stika. Core i5 hii hapa, Core i7 ile pale. Muuzaji hutaja bei, kisha hunyamaza. Mteja asiye na ujuzi wa kompyuta huona saba ni kubwa kuliko tano, akaongeza elfu tatu au nne juu. Hajadanganywa na mtu. Stika inasema kweli, ila haisemi ni i7 ya mwaka gani, na swali lenye pesa ni hilo.

Anayenunua Probox haishii kuuliza kama ni Toyota. Huuliza mwaka, maana hata serikali hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingizwa nchini. Laptopu nayo ina mwaka wake. Haumo kwenye stika. Umo ndani ya namba ndefu ya prosesa, yaani ubongo wa mashine, ambao kwa hizi za Core hutengenezwa na Intel. Ni namba ambayo macho ya wengi huiruka.

Kuipata si kazi. Washa mashine, fungua Settings, ingia System, teremka hadi About. Mstari wa prosesa utasoma kitu kama i5-6300U au i5-8350U. Tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi. Hiyo ya kwanza ni ya kizazi cha sita, kilichotoka 2015. Ya pili ni ya kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa 2017. Ukikuta i5-10210U au i5-1135G7, usidhani ile moja ya mwanzo ni kizazi cha kwanza: hicho ni cha kumi, na cha kumi na moja. Herufi U mwishoni ni dalili ya prosesa inayotumia umeme kidogo, nzuri kwa betri. H ina nguvu zaidi, na joto zaidi, na hula chaji.

Sasa linganisha mbili zinazopatikana sana sokoni. i7-7500U ilitoka 2016 ikiwa na viini viwili vya kufanyia kazi. i5-8250U ilitoka mwaka mmoja baadaye ikiwa na vinne. Fungua vichupo kumi vya intaneti, Zoom na Excel kwa pamoja, na i5 ndiyo itakayoendelea bila kukwama. Kisha kuna i7-3520M ya mwaka 2012, ambayo bado huvaa stika yake ya i7 na kuuzwa kwa watu wanaodhani wamepata bahati.

Kwa hiyo ukienda dukani na swali moja tu, liwe hili: prosesa ni namba gani kamili? Akijibu "i5" na kukomea hapo, mwombe aiwashe ujionee.

Lengo liwe kizazi cha nane na kuendelea, na hiyo si namba niliyoichagua kwa kuipenda. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Watumiaji wa nyumbani wanaojiandikisha kwa nyongeza waliahidiwa ya ziada hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo, kwa prosesa za Intel, huanzia kizazi cha nane ukiacha vighairi vichache sana. Kwa upande wa AMD, mshindani wa Intel, laptopu za Ryzen zenye namba za 3000 na kuendelea ziko salama. Mashine ya nyuma ya hapo haikatai kuwaka. Itawaka, itaandika barua, itacheza video. Lakini mtu anayeingia eCitizen, iTax na akaunti ya benki kwenye mashine isiyopata viraka vya usalama ameacha dirisha wazi.

Hapa kuna ujanja wa kuujua. Windows 11 inaweza kulazimishwa kuingia kwenye laptopu ya zamani kwa kuruka ukaguzi wake. Mafundi hufanya hivyo kila siku, wala si uhalifu. Ndiyo maana utaona HP EliteBook 840 G3 ya kizazi cha sita ikiwaka na Windows 11 maridadi kabisa, na muuzaji akakuambia "iko updated". Microsoft haiahidi kwamba mashine kama hiyo itaendelea kupata masasisho. Kuiona Windows 11 kwenye skrini hakuthibitishi kitu. Namba ya prosesa ndiyo inayothibitisha. Hata jina la modeli si ushahidi wa kutosha: EliteBook 840 G5 nyingi ni za kizazi cha nane, lakini HP iliuza nyingine zenye prosesa za kizazi cha saba ndani ya bodi ileile.

Je, mwenye elfu kumi na tano aondoke mikono mitupu? Hapana. Laptopu ya kizazi cha sita yenye SSD (hifadhi isiyo na kinachozunguka) na RAM (nafasi ya vitu vilivyofunguliwa) ya GB 8 bado ni chombo cha kazi, hasa kwa mtu aliye tayari kuwekewa Linux Mint badala ya Windows, ambayo ni bure na hupata masasisho bila kujali umri huo. Ninachokataa ni kuilipia bei ya kizazi cha nane.

Ex-UK au mpya?

Laptopu nyingi zinazouzwa chini ya elfu arobaini mjini hapa ni ex-UK. Kampuni, benki na ofisi za serikali huko Ulaya hubadilisha mashine kila baada ya miaka mitatu minne hivi, hata zikiwa nzima, kwa sababu muda wa kukodi au wa waranti umeisha. Hununuliwa kwa mafungu, data ikafutwa, zikapangwa kwa daraja A, B au C kulingana na mikwaruzo, kisha zikasafirishwa huku. Kibodi ndiyo hutoboa siri ya kwao: alama ya pauni iko juu ya 3, na @ imehamia upande wa Enter. Ukikuta safu ya juu ya herufi inaanza na A badala ya Q, hiyo ilikuwa Ufaransa au jirani zake. Itakusumbua kuandika, kwa hiyo iwe sababu ya kupunguziwa bei.

Wazazi wengi wanaompeleka mtoto mwaka wa kwanza Maseno au Masinde Muliro huogopa neno "used". Wanaona heri laptopu mpya kwenye boksi, yenye nailoni bado, kwa pesa zilezile. Naelewa hofu yao, lakini kwa kiwango hiki cha bei mara nyingi huwa wanachagua vibaya. Ili kampuni iuze laptopu mpya kwa bei hiyo, lazima ipunguze mahali. Hupunguza prosesa, ikaweka Celeron N4020 yenye viini viwili. Hupunguza RAM ikawa GB 4, tena imechomelewa kwenye ubao wa ndani kiasi kwamba hakuna fundi wa kuiongeza. Hupunguza hifadhi ikaweka eMMC, hifadhi ya bei nafuu iliyo polepole kuliko SSD, ya GB 64. Windows 11 yenyewe inadai angalau RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, kwa hiyo mashine hiyo imezaliwa ikiwa ukingoni. Baada ya miezi michache ya picha, noti za PDF na faili za WhatsApp, sasisho kubwa litakuja na kukosa pa kuingia.

Mashine ya ofisi kama Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 7490 au hiyo EliteBook 840 G5 ilibuniwa kwa mtu wa kuandika siku nzima. Kibodi yake ni imara, bawaba zake hazilegei upesi, na zote tatu unaweza kufungua kifuniko cha chini ukabadilisha RAM, SSD na betri. Vipuri vyake vimejaa Nairobi na hufika Kisumu kwa parseli.

Kuna mpya moja ambayo singeipuuza: yenye Intel N100, prosesa ya 2023 yenye viini vinne. Ikiwa na RAM ya GB 8 na SSD ya kweli, si eMMC, inatosha kabisa kwa shule na ofisi ndogo, na inakuja na betri mpya na waranti ya mtengenezaji. Isipokuwa hivyo, rudi kwenye ex-UK.

Kuhusu RAM na hifadhi sitachelewa. RAM ni nafasi ya vitu vilivyofunguliwa kwa wakati mmoja: GB 4 haitoshi tena, GB 8 ndiyo kiwango cha mtu wa kawaida, na GB 16 ni kwa wanaotumia AutoCAD, kuhariri video au wasiofunga kichupo hata kimoja. Hifadhi ni mahali pa kuweka faili, na hapo aina ina uzito kuliko ukubwa. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, kwa laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na sindano inayoelea juu yake. SSD haina kinachozunguka. SSD ya GB 256 huwasha mashine kwa sekunde chache ambako diski ya GB 500 ingekuacha ukisubiri dakika nzima, na haijali mitikiso ya boda kutoka Kondele hadi Mamboleo. Muuzaji atakusifia "500GB". Muulize ni SSD au ni ya kuzunguka. Kuhakiki, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, ubofye Disk, imeandikwa hapo.

Dakika ishirini dukani

Usinunue laptopu iliyofungwa kwenye karatasi. Nenda mchana usio na haraka, ukiwa na simu yenye bando, flash diski na spika za masikioni. Duka lenye mali nzuri halitakufukuza.

Anza na betri, kwa kuwa ndiyo inayochoka kwanza kwenye ex-UK na ndiyo utakayoihitaji stima ikipotea. Kwenye nafasi ya kutafutia andika cmd, fungua, kisha andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Mashine itatengeneza faili na kukuonyesha ilipo. Ndani yake tafuta namba mbili: Design Capacity, yaani uwezo wa betri ikiwa mpya, na Full Charge Capacity, yaani kiasi inachobeba leo. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 31,000, betri imebaki na asilimia 62. Mimi juu ya 80 huona ni zawadi, kati ya 60 na 80 ni kawaida ya mtumba, na chini ya hapo huomba bei ya betri mpya itolewe kwenye bei ya laptopu. T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa nyuma, kwa hiyo soma namba za zote.

Ripoti hiyo haitoshi peke yake. Betri ya bandia iliyobadilishwa juzi inaweza kutoa namba nzuri na kuzima ghafla. Chomoa chaja, cheza video mfululizo huku ukiendelea na ukaguzi mwingine, na uangalie asilimia inavyoshuka. Ikitoka 90 hadi 60 kwa dakika ishirini, ripoti ilikuwa hadithi. Na ukiona padi ya kugusia imeinuka au kifuniko hakilali sawasawa, betri imevimba. Hiyo inaweza kushika moto. Irudishe mezani hata ikiwa inauzwa nusu bei.

Video ikiendelea, fungua Notepad na ubonyeze kila kitufe, hata vile usivyovitumia. Weka ukurasa mweupe skrini nzima na utafute madoa. Yakiwepo leo, kesho hayataondoka. Kagua pia ubora wa picha: 1920 kwa 1080 ndiyo ya kutafuta, kwani 1366 kwa 768 huufanya ukurasa wa Excel kuwa mfinyu na kukuchosha macho. Jaribu kamera, spika, Wi-Fi kwa hotspot ya simu yako, na kila tundu la USB kwa flash diski. Sikiliza feni. Ikivuma kwa nguvu wakati hakuna kazi, imejaa vumbi au kuna tatizo la joto, na Kisumu yenyewe haina baridi ya kuisaidia.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalikagui ni kufuli. Kompyuta za kampuni huwekewa nywila kwenye mfumo wake wa chini, ule unaowaka kabla ya Windows. Iwashe upya huku ukibonyeza F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad au F2 kwa Dell. Ikikuomba nywila ambayo muuzaji hana, acha. Leo itafanya kazi, lakini siku fundi atakapohitaji kubadilisha mpangilio fulani au kuweka Windows upya kwa flash, atakwama hapo. Kuna pia mashine ambazo bado zimesajiliwa kwa mwajiri wa zamani: ukiirudisha mwanzo na kuiunganisha kwenye intaneti, inataja jina la kampuni usiyoijua na kudai barua pepe ya kazini. Hiyo si yako bado. Mwishoni pitia sehemu ya Activation ndani ya Settings. Laptopu nyingi za ofisi zilitoka kiwandani na leseni yake ndani, kwa hiyo hakuna haja ya programu za wizi za kuiamsha Windows, ambazo mara nyingi huja na virusi.

Chromebook, laptopu zinazotumia mfumo wa Google badala ya Windows, za bei ya chini zilizotoka shule za Marekani zina kaburi lake maalumu: tarehe ya mwisho wa masasisho, ambayo iko ndani ya Settings, kwenye About ChromeOS. Ikiwa imepita, umenunua kioo. Na hata ikiwa haijapita, haiendeshi Excel kamili, kwa hiyo mwenye kujaza ritani ya KRA kwa ile faili ya Excel yenye makro atarudi saiba. MacBook Air ya 2017 na za nyuma yake hutamaniwa kwa umbo. Apple ilishaziacha kimasasisho, na RAM yake haiongezeki.

Kulipa, risiti na radi

Punguzo la mtu wa stejini mwenye laptopu ndani ya begi na hadithi ya shida za nyumbani halifai hata likiwa la elfu kumi. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamshika anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi, na adhabu yake hufika miaka 14. Bei ya ajabu bila risiti inaweza kuwa sababu hiyo ya kuamini.

Dukani, risiti isiandikwe "laptop HP moja". Iwe na modeli, namba ya prosesa, RAM, SSD, na namba ya utambulisho ya mashine (serial number) iliyo chini ya mashine au mahali betri inapokaa. Muda wa waranti uandikwe hapo, pamoja na kinachofunikwa. Wengi huiacha betri na skrini nje, na ni heri ujue mapema. Lipa kwa Till ya duka badala ya namba binafsi ya muuzaji, ili ujumbe wa M-Pesa uwe ushahidi wa pili. Karatasi hizo zina kazi. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa chini ya sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Si lazima ufike huko. Mara nyingi kuitaja tu kwa upole hufungua mkono wa duka.

Kununua mtandaoni kutoka Nairobi kunaweza kukuokolea elfu mbili hivi. Lakini ikifika na kitufe kilichokufa, nauli ya kuirudisha na wiki ya kusubiri huzila hizo elfu mbili. Kwa mtu asiye fundi, duka unaloweza kulifikia kwa miguu lina thamani yake.

Kisha stima. Bonde la Ziwa Victoria lina ngurumo za radi kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na Kisii, Kakamega na Kisumu zote zinaonja. Chaja ya laptopu hustahimili voti 100 hadi 240, kwa hiyo kupanda na kushuka kwa kawaida si tatizo. Radi ni tatizo, na pia ule mshtuko wa stima inaporudi baada ya kukatika. Mawingu yakikusanyika, chomoa chaja ukutani, usitegemee swichi. Chaja yenyewe ipimwe kwa mkono: ile nyepesi isiyo ya kawaida, ambayo stika yake haina wati, ni ya bandia. Laptopu za aina hii kwa kawaida hutaka wati 45 au 65, na iwapo ina tundu la USB-C la kuchajia, chaja ndogo ya simu itaichelewesha au itashindwa kabisa.

Wiki ya kwanza usiitunze kama yai. Iwashe asubuhi hadi jioni, ifungulie vichupo vyote, itumie bila chaja hadi izime, ipeleke kwenye mkutano wa Zoom wa saa mbili. Kama kuna kitu cha kuharibika, kiharibike ukiwa bado na risiti mpya na muuzaji anayekumbuka sura yako.